Redio za bei chee na jirani asiyeonekana

Mwaka 2012 kampuni ya Baofeng ya mkoa wa Fujian, China, ilileta sokoni redio ya mkononi iitwayo UV-5R. Hadi wakati huo, mtu aliyetaka redio ya upepo ya kubeba mkononi, inayotuma na kupokea kwenye VHF na UHF kwa pamoja, kwa kawaida alijiandaa kutoa dola mia na zaidi kwa kampuni za Japani: Yaesu, Icom au Kenwood. UV-5R ilikuja kwa bei ya chini sana kuliko hiyo, kisha ikazidi kushuka hadi dola 25 au 30. Ndani ya miaka michache ikawa redio ya kwanza ya wengi wanaoingia kwenye redio za ridhaa, iwe Marekani, India au Indonesia. Mdogo wake, BF-888S mwenye chaneli 16 tu, tunamfahamu hata kama hatumjui kwa jina. Ndiye anayening'inia kiunoni mwa mlinzi wa geti, ndiye wanayempokezana waratibu wa harusi wakiulizana kama bibi harusi ameshashuka kwenye gari.

Redio za ridhaa zenyewe ni jambo jingine. Hawa ni watu wanaopiga redio kwa mapenzi, bila biashara ndani yake. Hufanya mtihani, hupewa leseni na ishara ya wito. Za Tanzania huanza na 5H na za Kenya 5Z. Wametengewa vipande vyao vya masafa, kwa upande wetu wa dunia kwa mfano megahezi 144 hadi 146 na 430 hadi 440, pamoja na vingine kwenye mawimbi mafupi, ambako wati 5 zikitumwa kwa Morse usiku uliotulia huweza kuvuka bara zima. Kilichowazuia wengi ni bei. Icom IC-7300, redio ya mezani ya mawimbi mafupi iliyotoka mwaka 2016 na kusifiwa kila kona, iliingia sokoni kwa zaidi ya dola 1,000, bado hujalipa usafiri na ushuru. Kijana wa Mwanza au Kisumu anayetaka kuanza hana redio mbili za kulinganisha. Ana ile ya bei chee, au hana kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo naona redio hizi zinastahili kukaguliwa kwa makini kuliko zile za bei mbaya.

Hakuna kifaa cha bei ya chini ambacho hakikubanwa mahali fulani. Pengine kimebanwa kasha, pengine vipuri, pengine muda wa fundi. Swali ninaloliuliza kila ninapoishika redio ya namna hii ni moja: kilichobanwa kinamuumiza nani? Kama ni mnunuzi, hayo ni makubaliano yake na mfuko wake. Lakini redio inatuma, na mawimbi yake yanaingia kwa watu ambao hawakununua chochote.

Tuifungue UV-5R. Unatoa betri, unafungua skrubu mbili zilizo chini ya nafasi yake, unachomoa kitufe cha sauti na kulegeza nati ya shina la antena, kisha bodi inatoka yote ikiwa imeshikamana na fremu ya alumini. Fremu hiyo inanifurahisha. Ndiyo inayoipa redio uzito wake mkononi, na ndiyo inayonyonya joto la transista ya kutuma unapobonyeza na kuongea kwa muda mrefu. Mtu aliyeamua kuiweka hakuwa mzembe. Plastiki ya nje ni nene ya kutosha, betri inabana vizuri kwenye reli zake, na redio hizi zimeanguka kwenye sakafu za saruji mara nyingi zikaendelea kuzungumza.

Sasa angalia katikati ya bodi. Redio za zamani zilikuwa na safu ya koili, fuwele na vibati vya chuma, kila hatua ya kazi ikiwa na sehemu yake. Hapa kuna chipu moja ndogo, RDA1846, ambayo ndani yake mna karibu redio nzima: inatengeneza masafa, inapokea, inafumbua sauti, inaandaa ishara ya kutuma. Kando yake kuna kompyuta ndogo ya kuendesha skrini na vitufe, kuna chipu nyingine ya kusikilizia stesheni za FM, na kuna kikuza nguvu kinachoisukuma ishara hadi wati 4 au 5. Bei ilishuka kwa njia hiyo. Ni uhandisi wa kuheshimiwa, na anayesema redio hii ni takataka tupu hajawahi kuitazama ndani.

Chipu hiyo ina gharama yake, na ya kwanza inamwangukia mwenye redio. Mlango wa kupokelea uko wazi mno. Ukiwa kijijini redio inasikia vizuri ajabu. Ukienda nayo mjini, karibu na minara ya matangazo na mitambo ya mawasiliano, ishara kubwa za jirani zinaizidi nguvu na ile ndogo unayoitafuta inazama. Menyu nazo zina vipengele takribani 40, majina yake yamekatwa hadi herufi chache, na wengi huishia kuipanga kwa kompyuta kupitia CHIRP, programu ya bure iliyoandikwa na Dan Smith. Antena inayokuja nayo ni fupi na hafifu. Yote hayo ni usumbufu wa mnunuzi mwenyewe, na kwa dola 25 sina neno.

Neno ninalo kwenye sentimita chache za mwisho za bodi, kati ya kikuza nguvu na shina la antena. Kikuza nguvu chochote kina tabia moja isiyoepukika: ukikipa megahezi 145, kitatoa 145, na pamoja nayo kitatoa 290, na 435, na kuendelea, yaani mara mbili, mara tatu, mara nne ya masafa uliyokusudia. Hizo ndizo haramoniki. Kazi ya kuzizuia ni ya chujio linalopitisha masafa ya chini na kukata ya juu, yaani koili ndogo za waya zilizopangwa na kapasita pembeni yake. Ni vipuri vya senti chache. Kwa kifumbu chenye matundu makubwa, tui hupita na machicha yake. Kwa chujio lenye hatua pungufu, mawimbi hupita na uchafu wake.

Redio ya masafa mawili ina mtihani mgumu zaidi hapo. Unapotuma kwenye 145, mlango wa 435 unatakiwa ufungwe kabisa. Unapohamia UHF, mlango huo huo wa 435 lazima uwe wazi, kwa kuwa ndiko unakotaka kwenda. Inahitajika njia mbili tofauti, kila moja na chujio lake, na swichi ya kuchagua. Hiyo ni nafasi kwenye bodi, ni vipuri, ni vipimo vya kiwandani. Kuna balaa jingine la kimaumbile: antena ya robo ya wimbi iliyokatwa kwa 145 inaitika vizuri pia kwenye mara tatu yake, ambayo ni 435. Kwa hiyo uchafu ukishapita chujio unapokelewa na antena kama mgeni rasmi, na ukiunganisha antena nzuri ya juu ya paa, unasafiri mbali zaidi.

Sheria za Marekani zinaweka kiwango kinachopimika. Kwa redio ya ridhaa ya VHF yenye nguvu isiyozidi wati 25, mawimbi yasiyotakiwa hayaruhusiwi kuzidi maikrowati 25. Kwa redio ya wati 4, maana yake uchafu wowote uwe mdogo mara 160,000 kuliko ishara yenyewe. Kwa lugha ya mafundi, desibeli 52 chini. Inasikika kama masharti ya kupindukia, lakini redio za Kijapani zilishazoea kuyatimiza miaka mingi. Maabara ya ARRL, chama cha wanaridhaa wa Marekani, imekuwa ikienda na vipimo vyake kwenye maonyesho ya redio na kuwapimia watu redio za mkononi walizonazo mfukoni. Zile za kampuni kubwa zilipita. Nyingi za Baofeng hazikupita.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba huwezi kusema kwa uhakika "UV-5R ni chafu" wala "UV-5R ni safi". Bodi za ndani zimebadilika mara nyingi chini ya jina lile lile. Unaweza kununua mbili katika duka moja, moja ikapita mtihani na nyingine ikashindwa, na nje zinafanana kama mapacha. Muundo unaobadilishwa kimya kimya hauwezi kuaminiwa hata pale unapokuwa umeboreshwa, kwa sababu hakuna anayejua ameshika toleo gani.

Halafu kuna uhuru wa kupindukia. Redio hii inatuma popote kati ya megahezi 136 na 174, na tena kuanzia 400 kwenda juu. Mwanaridhaa anahitaji megahezi 2 tu kati ya zile 38 za mwanzo. Zilizobaki ni za watu wengine, na kwa sisi wa pwani mfano uko wazi: katikati ya kipande hicho ndiko iliko redio ya baharini, na humo mna chaneli 16, megahezi 156.8, ambayo manahodha huisikiliza kwa ajili ya wito wa hatari. Kidole kikikosea tarakimu mbili kwenye vitufe, mtu wa Kigamboni au Likoni anajikuta anapiga soga juu ya chaneli ya uokozi. Septemba 2018 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoa tangazo la kuwaonya waagizaji na wauzaji wa redio za namna hii kwamba redio isiyoidhinishwa, inayoweza kutuma mahali isiporuhusiwa, haipaswi kuuzwa. Wapo walioona huo ni uonevu dhidi ya wanyonge. Mimi naona ni haki. Kufunga masafa yasiyohusika kwenye programu ya redio hakuongezi gharama yoyote ya vipuri.

Ningeishia hapo ningekuwa nimesema nusu ya jambo, na kumwachia msomaji picha kwamba unafuu na ubora havikai nyumba moja. Vinakaa. Ushahidi wangu wa kwanza uko Hyderabad, India.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ashhar Farhan, mwenye ishara ya wito VU2ESE, alibuni redio ya mawimbi mafupi aliyoiita BITX. Nia yake ilikuwa kwamba Mhindi wa mji wowote aweze kuijenga kwa vipuri vya dukani kwake, bila kuagiza kitu nje. Fuwele za kuchuja sauti zilikuwa za megahezi 10, zile zilizojaa kwenye vifaa vya kompyuta. Transista zilikuwa za kawaida kabisa, za aina ambayo fundi redio yeyote anayo kwenye kopo. Kikuza nguvu cha mwisho kilikuwa IRF510, transista iliyotengenezwa kwa ajili ya mitambo ya umeme wala si ya redio, na kwa hiyo ni ya bei ndogo. Koili ya kutengeneza masafa ilizungushwa juu ya washa ya bomba la maji. Hiyo ya washa naipenda kuliko zote, kwa sababu hapo alibana gharama bila kubana kazi: koili ilihitaji kitu cha duara kisicho chuma na kisichobadilika umbo, na washa ya plastiki ni kitu hicho.

Kubana kukubwa zaidi kulikuwa kwenye mchoro wenyewe. Redio inayopokea na kutuma kwa kawaida ina minyororo miwili ya vikuza, mmoja wa kuingia na mwingine wa kutoka. Farhan alitumia vikuza vinavyofanya kazi pande zote mbili: ukisikiliza ishara inapita kushoto kwenda kulia, ukituma inarudi njia ile ile. Vipuri vingi vikaokolewa. Mtu huyu, kwa taarifa tu, ni mmoja wa waanzilishi wa Lamakaan, uwanja wa sanaa na mijadala ulio wazi kwa umma huko huko Hyderabad, na ukiutazama mchoro wa BITX unaona ni kazi ya mtu anayependa kitu kitumiwe na wengi.

Mwaka 2016 alianza kuuza BITX40, bodi iliyokwisha kuunganishwa, kwa bei isiyofika dola 60. Koili zake zilizungushwa kwa mkono na kikundi cha akina mama wa mji huo. Mnunuzi aliletewa bodi, nyaya na vitufe, kasha alijitafutia. Mwishoni mwa 2017 ikafuata uBITX, inayofanya kazi megahezi 3 hadi 30, wati 10 hivi kwenye masafa ya chini, kwa dola 109 mwanzoni. Redio ya mawimbi mafupi yote kwa bei hiyo haikuwahi kuonekana.

Mwaka 2018 ikapatikana na kasoro. Watumiaji wenye vipimo waligundua kwamba haramoniki zake hazifiki kiwango cha mawimbi mafupi, ambacho ni desibeli 43 chini, yaani sehemu moja ya 20,000. Machujio yenyewe yalikuwa mazuri. Tatizo lilikuwa relei zinazochagua chujio lipi litumike. Ili kuokoa relei, waya unaoingia kwenye chujio na ule unaotoka zilipitishwa ndani ya relei moja, bega kwa bega, na sehemu ya ishara ikawa inaruka kutoka upande mchafu kwenda upande uliosafishwa bila kupita kwenye chujio hata kidogo.

Kulikuwa na la pili, la kufundisha zaidi. Ndani ya uBITX ishara hupandishwa kwanza hadi megahezi 45 kabla ya kushushwa kwenye masafa ya kutuma. Mabaki ya ile 45 yakifika kwenye kikuza nguvu yanachanganyika na ishara, na kunazaliwa tofauti yao. Ukituma kwenye 28, unatoa pia kitu kwenye 17. Chujio la kukata masafa ya juu haliwezi kukigusa, kwani 17 iko chini ya 28. Inapitishwa kwa heshima zote. Uchafu wa namna hiyo hauondolewi mlangoni. Unazuiwa usizaliwe.

Namna jambo hilo lilivyoshughulikiwa ndiyo inayonifanya niitaje redio hii kwa heshima. Michoro yote ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, kwa hiyo watu wa nchi mbalimbali walipima, wakachora upya, wakajaribu relei nyingine, wakabadilisha koili zilizokuwa zinashindwa, na kuwekeana matokeo mezani. Farhan hakukanusha. Mwaka 2019 likatoka toleo la tano, njia za relei na machujio zikiwa zimepangwa upya, kisha likafuata la sita. Kila toleo lina namba yake. Mwenye toleo la tatu au la nne anajua alichonacho, anajua kasoro yake, na anajua dawa yake. Linganisha na zile mapacha zisizo na namba.

Ushahidi wa pili ni kifurushi cha vipuri. Hans Summers, Mwingereza mwenye ishara G0UPL na kampuni ndogo iitwayo QRP Labs, aliombwa abuni kitu cha kujenga kwenye kambi ya vijana wa redio iliyofanyika Gilwell Park, London, mwaka 2017. Alichobuni ni QCX, redio ya Morse ya wati 5 ya kipande kimoja cha masafa, na baada ya kambi akaanza kuiuza kwa dola 49. Wazo la kumfanya mnunuzi awe fundi ni la zamani. Kampuni ya Heathkit ya Benton Harbor, Michigan, iliuza vifurushi vya aina hiyo tangu miaka ya 1940 na kuviacha mwaka 1992. Kwenye QCX kilichobanwa ni mshahara wa kiwandani na kasha. Vyote viwili vinabebwa na mnunuzi, kwa hiari yake.

Uchague popote kwenye mchoro wake utaona fikra. Kikuza nguvu ni transista tatu za BS170, vitu vidogo vya plastiki vya senti chache, zilizofungwa sambamba. Kwa kawaida zingeungua. Lakini Summers amezitumia kama swichi, zinafunga na kufungua kikamilifu kwa wakati maalumu, hivyo umeme mwingi unakuwa ishara na mdogo sana unakuwa joto. Hakuna haja ya bamba la alumini la kupoza. Swichi ya namna hiyo huzalisha haramoniki nyingi kuliko kikuza cha kawaida, naye alijua. Ndiyo maana mwishoni ameweka chujio kamili la vipuri saba, koili tatu na kapasita nne. Pale ambapo mwingine angeona nafasi ya kuokoa robo dola, yeye hakugusa.

Jingine ni vipimo. Kijana anayejenga redio yake ya kwanza hana jenereta ya ishara wala mita ya nguvu. Kwenye QCX kompyuta ndogo inayoendesha skrini imefundishwa kuwa vifaa hivyo: inapima volti, inapima nguvu ya kutuma, inahesabu masafa, inatoa ishara ya majaribio. Unageuza trima kwa bisibisi ndogo huku ukitazama mistari ya skrini, inapofika juu kabisa unaacha. Kitabu cha maelekezo kina zaidi ya kurasa 100, na kila kipuri kinapowekwa kimechorwa kwa rangi mahali pake.

Hatua inayowatoa watu jasho ni ile ya transfoma T1. Ni pete nyekundu ya unga wa chuma, kipenyo chake milimita 12 na ushei, ambayo unatakiwa uizungushie waya mwembamba mara kadhaa, sehemu nne tofauti, zote kuelekea upande mmoja. Kila waya unapopita ndani ya tundu huhesabiwa mzunguko, hata ule wa kwanza ambao macho yanaona kama haujazunguka. Waya umepakwa rangi nyembamba ya kuzuia umeme, na rangi hiyo inafanana kabisa na shaba. Mtu analehemu miguu minane, risasi inang'aa, kazi inaonekana safi, redio inabaki bubu. Risasi imekaa juu ya rangi. Dawa ni kushikilia ncha ya pasi ya kulehemu kwenye mguu wa waya, na tone la risasi, hadi uone moshi kidogo na rangi ikiungua. Kisha unaweka mita upande huu na upande ule kuhakikisha umeme unapita kabla ya kwenda mbele. Ni dakika za kukaa na kitu kimoja kidogo, na anayezimaliza anakuwa ameelewa koili kuliko aliyekariri fomula yake kwa ajili ya mtihani.

Redio mpya za Kichina nazo zimeanza kutoka kwenye giza, ingawa bila kukusudia. Quansheng UV-K5 ya mwaka 2023, yenye bei kama ya Baofeng, imejengwa juu ya chipu ya BK4819, na ndani ya muda mfupi watumiaji waliifumbua programu yake na kuandika zao. Redio ya dola 25 ikapata skrini ya kuonyesha wigo wa masafa, na ikaanza kusikiliza aina za ishara ambazo kiwanda hakikuzitaja. Nafurahia ubunifu huo, kwa sharti la kukumbuka kwamba programu haiongezi koili kwenye bodi. Aliyefungulia redio yake itume kwenye masafa mapya anatakiwa ajiulize chujio lake lilikatwa kwa masafa yapi.

Kilichobadilika kweli katika miaka hii ni uwezo wa mtu wa kawaida kupima. Kifaa cha kuchambua wigo wa mawimbi kilikuwa cha maelfu ya dola, mali ya maabara na mamlaka za mawasiliano. Mwaka 2020 Erik Kaashoek wa Uholanzi alitoa tinySA, chenye ukubwa wa kiganja na bei ya dola 50 hadi 60. Ingizo lake la kwanza linapima hadi megahezi 350, la pili kuanzia 240 hadi 960. Tangu mwaka uliotangulia, NanoVNA ilikuwa imeshawafikia wengi kwa bei ya karibu na hiyo, nayo inapima antena na machujio. Ukiwa navyo viwili, hutegemei tena neno la muuzaji wala sifa za kwenye boksi.

Klabu za redio za ridhaa za kwetu, na hata vyuo vya ufundi, ningependa ziwe na walau tinySA moja ya pamoja, na kipunguza nguvu cha desibeli 40 kinachoweza kubeba wati 10. Hicho cha pili kisisahauliwe, kwa sababu ukiunganisha redio ya wati 4 moja kwa moja utaiunguza tinySA papo hapo. Hesabu yenyewe ni fupi. Wati 4 ni desibeli 36 juu ya miliwati moja; ukipunguza 40, mstari mkuu kwenye skrini utasimama karibu na alama ya 4 chini ya sifuri. Tuma kwenye 145, soma mstari huo, kisha sogea hadi 290 na baadaye, kwenye ingizo la pili, hadi 435. Mistari ya huko inatakiwa iwe chini ya alama ya 56 chini ya sifuri. Kama umeagiza katoni nzima kwa ajili ya wanachama, usipime moja ukaridhika. Pima zote, ziandike namba kwa kalamu ya wino mgongoni, chini ya betri, pamoja na kipimo cha kila moja na tarehe. Isiyotimiza kiwango inunuliwe chujio la nje la kufunga kwenye shina la antena na itumike kwenye VHF pekee, au irudishwe dukani.